NENO "NET" NA FEDHA ZINAZOBAKI



Mwenzetu mmoja, mkulima wa karafuu wa siku nyingi, ana shemeji yake alimaye vitunguu huko Malolo, wilaya ya Kilosa, mbele ya Mikumi kwa mtu ashikaye njia ya Iringa. Msimu mmoja mnunuzi wa huku kisiwani alimwandikia shemeji huyo kwa Kiingereza, akitaka magunia 40 kwa shilingi 90,000 kila gunia, "net of transport". Shemeji akamwomba mwenzetu amjibie. Mwenzetu akajibu kuwa wamekubali 90,000 "less transport", akidhani maneno hayo ni mamoja. Kabla ya kuipeleka barua alitusomea sisi, nasi tukamwambia iko sawa sawa.

Haikuwa sawa. Fedha zilipolipwa, kila gunia lilikuwa limekatwa shilingi 11,000 za gari na chombo, jumla 440,000, na mnunuzi akaitoa barua ile ile tuliyoisifu. Hatuna wa kumlaumu, na kwa hivyo twaona ni deni letu kulieleza neno hili.

Kwanza, "net" hii si wavu wala si chandarua, ijapokuwa huandikwa vivyo hivyo. Hii asili yake ni Kifaransa, na maana yake ni safi. Nyinyi mnaijua kwenye mizani. Gunia la karafuu likipimwa, uzito wote pamoja na gunia ni "gross". Ukitoa uzito wa gunia tupu, karafuu zenyewe zinazobaki ni "net". Lile gunia tupu Waingereza huliita "tare", na waliosoma chuoni watafurahi kujua kwamba neno hilo limetoka katika Kiarabu, taraha, yaani kutupa au kutoa katika hesabu.

Katika fedha ni vivyo hivyo. "Gross" ni pato lote kabla ya kukatwa kitu. "Net" ni pato halisi linalobaki. Taabu huanza inapoongezwa "of". Neno linalofuata "net of" ni kile kilichokwisha kutolewa, siyo kilichobaki. Basi shilingi 90,000 "net of transport" maana yake gharama ya safari imekwisha kuondolewa, na muuzaji atatia mkononi 90,000 kamili. Bali 90,000 "less transport" ni hesabu isiyokwisha: chukua 90,000, kisha toa safari. Shemeji akabaki na 79,000. Ndiyo maana twasema anayeandika "net of 90,000" akikusudia kwamba atapata 90,000 ameligeuza neno kichwa chini. Angeandika "90,000 net", na huko nako lazima aseme ni baada ya kutoa nini.

Binti wa shemeji huyo huyo alipata kazi katika nyumba ya wageni pale Mikumi, na barua yake ilitaja mshahara wa 500,000 "gross". Alikwisha kuzigawa zote kichwani kabla ya mwezi kwisha. Hesabu yake, kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza Tanzania Bara Julai 2021, ni hii. Mchango wake wa asilimia 10 kwa mfuko wa NSSF ni 50,000. Kodi haihesabiwi juu ya 500,000, bali juu ya 450,000 zilizobaki. Na katika hizo, 270,000 za kwanza hazina kodi, na 180,000 zilizozidi hutozwa asilimia 8, yaani 14,400. Zikabaki 435,600. Hizo ndizo "net". Angetaka kuzitaja 450,000 kwa Kiingereza, angesema ni mshahara "net of" mchango wa NSSF, lakini bado ni kabla ya kodi. Kwa hivyo mshahara mmoja waweza kuwa na "net" mbili, na zote zikawa kweli. Na kama ana mkopo unaokatwa ofisini, zile anazokwenda nazo nyumbani, "take-home", zitapungua tena.

Hapa ndipo sisi wa karafuu hujidanganya khasa, maana hatupewi karatasi ya mshahara. Tuseme mtu ameuza karafuu za shilingi 2,000,000. Wachumaji wamechukua 600,000. Kuanika, kuchambua na uchukuzi 150,000. Pato lake "net of" uchumaji ni 1,400,000. "Net of" gharama zote hizo ni 1,250,000, na palizi bado hatujaitia. Akiulizwa na benki "net income" yake, akajibu milioni mbili kwa kuwa ndizo alizozihesabu kituoni, atakopeshwa kwa fedha asizokuwa nazo, na atalipa kwa fedha asizokuwa nazo pia.

Msimu uliofuata shemeji aliuza tena kwa mnunuzi yule yule. Mara hii mwenzetu hakuja kwetu kutaka shauri, nasi hatukuona vibaya. Aliandika kwa Kiswahili: kila gunia 90,000 mkononi mwa mkulima, gari na chombo juu ya mnunuzi. Mnunuzi akajibu kwa Kiswahili vile vile, tena kizuri kuliko chetu.