Je, Wajua? Nairobi ni Jina la Programu Pia

Juni 2023, Nairobi ilianza kufanya kazi ndani ya kompyuta zilizotapakaa duniani. Siyo jiji lenyewe. Ni toleo la Tezos, mtandao wa blokucheni wenye msimbo huria. Matoleo yake hupewa majina ya miji kwa kufuata alfabeti. Athens ilitangulia mwaka 2019. Nairobi ikaja baada ya Lima na Mumbai.

Wanaothibitisha miamala huitwa waokaji, kana kwamba bloku, yaani fungu la miamala, ni mkate. Kuwa mwokaji kunahitaji uzito wa sarafu za mtandao huo usiopungua tez 6,000. Huna? Mkabidhi mwokaji uzito wa sarafu zako. Uzito tu! Sarafu zenyewe haziondoki kwenye pochi yako. Hazifungwi. Kesho unaweza kuzitumia utakavyo, na mwokaji hawezi kugusa hata moja. Yeye hupata nafasi zaidi za kuoka, na wengi hukugawia sehemu ya ujira. Hupata pia nguvu zaidi ya kura.

Kura ya nini? Ya kubadili msimbo. Pendekezo likipita, mtandao hujibadilisha wenyewe bila kupasuka pande mbili. (Vyama vingapi vya siasa vingetamani hilo!)

Na waraka wa kwanza wa Tezos, wa 2014? Ulibeba jina la L.M Goodman, mtu wa kubuni. Aliyejificha nyuma yake ni Arthur Breitman, aliyeanzisha Tezos pamoja na mkewe, Kathleen.