Gumzo la mabaharia wa Bujumbura: Kwa nini maneno ya ufukweni hulinda maisha ziwani

Kabla boti haijasukumwa majini katika mwambao wa Bujumbura, maneno hutangulia. Wavuvi wanaorejea alfajiri, manahodha wa boti za mizigo, mafundi wa injini na wale wanaopiga makasia kwa kujifurahisha tu huulizana habari za ziwa. Upepo wa usiku ulitoka upande gani? Mawimbi yalikuwaje karibu na Uvira? Samaki wameonekana wapi? Petroli inapatikana kwa nani?

Kwa mpita njia, hayo yanaweza kuonekana kuwa porojo za watu wanaosubiri jua lichomoze. Kwa wenyewe, hiyo ni taarifa ya hali ya hewa, soko na usalama kwa pamoja, inayotolewa bure na watu waliotoka majini saa chache zilizopita.

Umuhimu wake unatokana na ukubwa wa ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina kinachofikia takriban mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina, baada ya ziwa Baikal la Urusi. Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Tanzania na Zambia zinapakana nalo, na Bujumbura imekaa kwenye ncha yake ya kaskazini. Chombo cha mbao chenye injini moja ni kidogo sana katika maji hayo.

Ni akina nani walio ziwani?

Kundi kubwa ni wavuvi. Wapo wanaotumia mtumbwi wa makasia na nyavu chache, na wapo wanaotumia katamarani, yaani maboti mawili au zaidi yaliyounganishwa kwa miti, huku wavu mkubwa ukishushwa katikati. Uvuvi wa namna hiyo ulianza kuenea ziwani humo katika miaka ya 1950. Nchini Burundi ukatokea baadaye muundo mkubwa zaidi ambao wavuvi waliupa jina la apolo.

Kundi la pili ni wachukuzi. Meli zinazotia nanga katika bandari ya Bujumbura huunganisha mji huo na Kigoma nchini Tanzania, Kalemie nchini Congo na Mpulungu nchini Zambia. Saruji na sukari ni miongoni mwa bidhaa zinazopanda kutoka kusini. Kando ya meli hizo zipo boti za mbao zinazobeba watu, unga, mafuta ya mawese na vitu vya sokoni kati ya miji midogo ya pwani ya ziwa.

Kundi la tatu, dogo zaidi, ni la wapenzi wa boti wasioingia majini kutafuta riziki. Baadhi yao hukutana katika Cercle Nautique, klabu ya zamani iliyo ukingoni mwa ziwa, ambako jioni mtu hunywa kinywaji chake huku akiwatazama viboko wakiibuka karibu na ufuko. Wanachama wa klabu na wavuvi wa mwaloni huishi maisha tofauti, lakini wakianza kuzungumzia maji, maswali yao ni yale yale.

Upepo, mwezi na mafuta

Swali la kwanza ni la upepo. Katika kiangazi, hasa kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini huvuma kufuata urefu wa ziwa. Mawimbi yanayofika Bujumbura huweza kuwa yamesafiri mbali, yakikua njiani bila kizuizi. Ndiyo maana maji yanaweza kuchafuka mjini hata kama asubuhi imeamka shwari. Katika masika hatari ni ya aina nyingine: dhoruba fupi na za ghafla zinazoshuka kutoka milimani, zikiambatana na radi. Upepo wa kila siku nao una mazoea yake. Usiku huelekea kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hurudi kutoka ziwani kwenda nchi kavu.

Swali la pili ni la mwezi. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za betri na za sola. Mwanga huwavuta vijidudu vya majini, navyo huwavuta ndagala, ambao nao huwavuta samaki wanaowala. Mbalamwezi inapoangaza ziwa zima, taa hupoteza nguvu yake. Kwa hiyo siku za giza ndizo za kazi, na siku za mwezi mpevu ni za kushona nyavu, kukalafati boti na kuzungumza.

Swali la tatu ni la mafuta. Burundi imekumbwa na uhaba wa petroli na dizeli katika miaka ya karibuni, na uhaba huo haugusi magari peke yake. Nahodha anayeondoka na tangi nusu anaweza kuishiwa katikati ya maji, upepo ukamchukua kusikojulikana. Mabaharia sehemu nyingi duniani hutumia kanuni rahisi: theluthi moja ya mafuta ni ya kwenda, theluthi moja ni ya kurudi, na theluthi ya mwisho ni akiba isiyoguswa ila kwa dharura. Kuifuata kanuni hiyo ni vigumu pale ambapo lita moja yenyewe imepatikana kwa taabu.

Samaki mmoja, majina matatu

Lugha ya mazungumzo haya, kwa sehemu kubwa, ni Kiswahili. Hati za bandari huko Burundi na Congo huandikwa kwa Kifaransa, na za Zambia kwa Kiingereza. Lakini nahodha wa Bujumbura anapotaka kumwuliza mwenzake wa Uvira, Kalemie au Kigoma kama njia ni salama, hutumia Kiswahili.

Sababu yake ni ya kihistoria. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani ya Bahari ya Hindi, ikapita Tabora hadi Ujiji, na kutoka hapo watu na bidhaa wakaendelea kwa vyombo vya majini. Kiswahili kilisafiri ndani ya vyombo hivyo. Kikapiga kambi Rumonge, Nyanza-Lac na katika mitaa ya Bujumbura, hasa Buyenzi, ambako hadi leo ni lugha ya nyumbani kwa familia nyingi.

Hata hivyo, Kiswahili cha ziwani hakifanani kila mahali. Samaki anayeitwa mukeke mezani Bujumbura huitwa mgebuka Kigoma na mikebuka upande wa Congo. Ndagala wa Burundi ni dagaa kwa Mtanzania na kapenta kwa Mzambia. Mgeni anayesikiliza mazungumzo ya mwaloni anaweza kudhani wanatajwa samaki sita, kumbe ni wawili. Mabaharia wazoefu hubadilisha maneno kulingana na wanayezungumza naye, bila kusita.

Wenyeji walisema kweli mapema

Historia ya mto Rusizi inaonyesha thamani ya maneno ya wenyeji wa ziwa. Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi, wakitaka kujua kama mto huo unatoka ziwani kuelekea kaskazini, jambo ambalo lingeufanya kuwa sehemu ya chanzo cha Nile. Wenyeji waliwaambia kwamba Rusizi huingia ziwani. Wasafiri hao hawakufika mlangoni mwa mto kujionea, na mjadala ukaendelea Ulaya kwa miaka kadhaa.

Novemba 1871, David Livingstone na Henry Stanley walisafiri kwa mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini, wakaona maji ya Rusizi yakiingia ziwani. Jiwe la kumbukumbu ya safari yao lipo Mugere, kusini mwa Bujumbura. Kilichoonekana kuwa ugunduzi mwaka 1871 kilikuwa maarifa ya kawaida kwa wapiga makasia waliowaendesha.

Hadithi zinazokaa

Si kila linalosemwa mwaloni linahusu kazi. Mamba Gustave bado hutajwa, yule wa eneo la mlango wa Rusizi aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye na kuhusishwa na vifo vya watu wengi. Jaribio la kumnasa lilionyeshwa katika filamu ya mwaka 2004, lakini hakukamatwa, wala urefu wake haukuwahi kupimwa. Kwa hiyo kila msimulizi humwongezea mita apendavyo.

Hadithi nyingine ni ya meli Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya.

Kwa Warundi wengi, Liemba ina maana ya karibu zaidi. Mei 2015, makumi ya maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya kisiasa walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, ng'ambo ya mpaka nchini Tanzania, mahali palipobanwa kati ya mlima na maji. Liemba ilitumika kuwachukua hadi Kigoma, mamia kwa kila safari. Wapo wanaoikumbuka kama chombo kilichowatoa katika njaa na kipindupindu.

Maji yanapopanda

Katika miaka ya karibuni, mada iliyotawala ni kupanda kwa ziwa. Mafuriko yaliyoanza kuonekana wazi karibu mwaka 2020 yalifukuza familia Gatumba, kati ya Bujumbura na mpaka wa Congo, na mwaka 2024 maji yalifika tena katika mitaa ya ukingoni, hoteli za ufukweni na eneo la bandari.

Ziwa Tanganyika hupokea mito mingi lakini lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, karibu na Kalemie. Sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, kina hupanda, na huchukua muda mrefu kushuka. Ilitokea hivyo pia mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wazee wa Bujumbura hukumbuka.

Kwa mwenye boti, kupanda kwa maji hubadili ramani iliyo kichwani. Mwalo uliozoeleka hutoweka. Ukuta, kigingi au kisiki kilichokuwa nchi kavu hulala chini ya maji, kikisubiri kuvunja panga la injini. Viboko nao husogea karibu na nyumba. Katika hali hiyo, mtu aliyepita jana na kuona kisiki kilipo ana habari ambayo haimo katika ramani yoyote, na akinyamaza, mwenzake ataigundua kwa hasara.

Miezi mitatu bila nyavu

Jambo la pili linalozua mjadala mkali ni kusitishwa kwa uvuvi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga shughuli za uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, hatua inayotokana na makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki. Ushirikiano wao umejengwa juu ya mkataba uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka inayousimamia ina makao yake Bujumbura.

Hoja ya wanaounga mkono ni kwamba samaki wapewe muda wa kuzaliana. Wanasayansi wanaongeza hoja nyingine: ziwa linapata joto, na maji ya juu yaliyo na joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi cha samaki ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20. Kwa upande mwingine, mvuvi anayeishi kwa mapato ya usiku mmoja hana akiba ya miezi mitatu. Mwuza ndagala, fundi wa boti na mwenye deni la injini wote huumia pamoja naye.

Gumzo lina mipaka

Mazungumzo ya ufukweni hayatoshi kuwa kinga pekee. Habari ya jana haiwezi kutabiri dhoruba ya leo jioni, na sifa za nahodha haziongezi nafasi ndani ya boti iliyojaa kupita kiasi. Mambo machache yanamhusu kila anayepanda chombo: kuvaa jaketi la kuokoa maisha tangu mwanzo badala ya kulikalia, kumwachia mtu wa nchi kavu habari ya njia na saa ya kurudi, kuweka simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na kukataa safari ikiwa boti imezama karibu na ukingo kwa uzito. Boti ya mbao ikipinduka, mara nyingi huendelea kuelea. Kuishikilia ni salama kuliko kujaribu kuogelea hadi ufuko unaoonekana kuwa karibu.

Na kwa asiyejua hali ya maji, swali la kwanza lielekezwe kwa aliyetoka ziwani asubuhi hiyo. Iwapo atasema "leo hapana", ni busara kungoja. Mabaharia wa Tanganyika hupoteza mapato kila siku wanayobaki ufukweni, na hawalitamki neno hilo kwa wepesi.