Kiungulia: Lango la Tumbo Lisipofunga Vema

Mtu akilalamika kwamba kifua kinamwaka moto na maji machungu yanampanda kooni, wenzake humcheka na kusema, "Umezidisha maharage!" Nataka kuonyesha kwamba kosa si la mlaji kila mara. Mara nyingine kosa limo katika maumbile ya mwili. Yafaa tulijue jambo hili, kwa maana mgonjwa achekwaye huona haya kwenda hospitali.

Chakula hupita katika umio, mrija wa nyama wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima. Umio hushuka kifuani, hupenya tundu la kiwambo, yaani ule ukuta wa nyama utengao kifua na tumbo, kisha huingia katika mfuko wa chakula. Mfukoni mna asidi kali. Mfuko wenyewe umekingwa na ute mzito, lakini umio hauna kinga kama hiyo. Asidi ikipanda, umio huungua.

Ili isipande, uko ulinzi wa namna tatu, nasi wa Ugogo twaweza kuufananisha na zizi la ng'ombe. Kwanza, mwishoni mwa umio uko msuli wa mviringo ambao hufunguka chakula kipitapo, kisha hujifunga. Huo ndio lango. Pili, kiwambo huubana umio pale upenyapo. Hicho ni nguzo za lango. Tatu, umio huingia mfukoni kwa pembeni, hata mfuko ukijaa, bega lake huulalia umio na kuziba njia.

Basi msuli ukilegea, ng'ombe hutoka. Na tundu la kiwambo likipanuka, sehemu ya juu ya mfuko hupanda kifuani. Hiyo huitwa ngiri ya kiwambo: lango na nguzo zimeachana, na ile pembe imepotea. Uzee na unene huongeza hatari hiyo, ingawa si kila mwenye ngiri hii huumwa. Mama mjamzito naye hupata kiungulia kwa sababu mbili: homoni za mimba hulegeza msuli, na mtoto akuapo huusukuma mfuko juu.

Dokta Denis Burkitt, mpasuaji aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946, alisema kwamba ngiri hii ilikuwa nadra katika Afrika na nyingi Ulaya na Marekani. Alidhani sababu ni chakula. Alaye nafaka isiyokobolewa hupata choo laini. Mwenye choo kigumu hujikamua, na kujikamua huko husukuma mfuko juu. Dhana hiyo haijathibitishwa yote, lakini ni sababu moja zaidi ya kutoudharau ugali wa uwele na mlenda wa bibi zetu.

Maumbile hatuwezi kuyachagua, lakini twaweza kuyasaidia. Tusilale mara tu baada ya kula. Tungoje saa mbili au tatu. Tulalie ubavu wa kushoto, kwa kuwa hapo mdomo wa mfuko huwa juu ya asidi. Mwenye kusumbuliwa sana ainue miguu ya kitanda upande wa kichwa, kiasi cha sentimita 15. Magadi hutuliza kwa muda tu, hayatengenezi lango.

Mwisho nawaambia hasa wazazi wetu. Kiungulia cha miaka mingi huweza kuacha makovu yanayoufanya umio uwe mwembamba. Tena Afrika ya Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye saratani nyingi ya umio. Saratani hiyo, kwetu, kwa kawaida haitokani na kiungulia, lakini dalili yake kubwa ni kumeza kwa shida. Kwa hiyo mtu akikwamwa na ugali, akikonda bila sababu, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, asingoje mavuno yaishe. Na aende hospitali, wala asichekwe.