Kwa nini miguu ya mjamzito huvimba jioni na kupungua asubuhi?

Mama, umeshinda shamba huko Msanzi, ukipalilia mahindi na maharage. Jioni kandambili zinabana. Usiku unaamka mara mbili au tatu kwenda kukojoa, na asubuhi miguu imepungua. Mara nyingi huo si ugonjwa. Figo zako zinafuata mkao wa mwili wako.

Unaposimama

Ukisimama, zaidi ya nusu lita ya damu huteremka kuelekea tumboni na miguuni. Damu inayorudi kwenye moyo hupungua, na figo huchukulia kwamba mwili umepungukiwa maji. Hapo hutoa kichocheo kiitwacho renini. Renini huanzisha mfululizo unaofanya tezi ndogo zilizo juu ya figo kutoa homoni ya aldosteroni. Kazi yake ni kuzuia chumvi isitoke kwenye mkojo. Chumvi ikibaki mwilini, maji nayo hubaki, na kwa kuwa umesimama, hujikusanya miguuni.

Unapolala

Ukijilaza, damu hurudi kwa wingi kwenye moyo. Renini na aldosteroni hupungua, na moyo wenyewe hutoa homoni inayoziambia figo ziachie chumvi. Chumvi hutoka pamoja na maji. Ndiyo maana unakojoa sana usiku na miguu hupungua.

Kwa nini ubavu?

Mimba ikiwa kubwa, ukilala chali mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mshipa huo uko upande wa kulia wa uti wa mgongo. Ukilala ubavu, hasa wa kushoto, damu hupita vizuri, figo hutoa chumvi zaidi na mtoto hupata damu ya kutosha. Kuanzia wiki ya 28, anza usingizi wako ukiwa umelala ubavu. Ukiamka umejikuta chali, usiogope, geuka tu.

Mambo ya kufanya

- Mchana, pumzika kwa kulala ubavu, au kaa ukiwa umeinua miguu juu ya kigoda.
- Usisimame muda mrefu bila kutembea. Hatua chache husaidia damu kupanda.
- Usijinyime maji kwa kuogopa kutoka nje kwenye baridi ya usiku.
- Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyo kwenye samaki wa chumvi. Usiiache kabisa: tumia yenye madini joto, mtoto anayahitaji.
- Usinywe dawa ya kupunguza maji mwilini bila kuandikiwa na mtoa huduma.

Wewe unayeishi na mjamzito, mume, mama mkwe au dada, mpokee ndoo ya maji na mzigo wa kuni ili apate hiyo saa ya kujilaza.

Usisubiri ukiona haya

Kupumzika hakutibu kifafa cha mimba. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona:

- uso au mikono imevimba, au miguu haipungui hata baada ya kulala;
- kichwa kinauma sana, au macho yanaona ukungu au vimulimuli;
- maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu;
- mguu mmoja tu umevimba na unauma;
- unapumua kwa shida, au mtoto amepunguza kucheza.

Akipata degedege, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, na mumpeleke hospitali mara moja.

Presha inaweza kupanda bila miguu kuvimba. Kwa hiyo kila unapohudhuria kliniki, hakikisha umepimwa presha na mkojo. Presha ikifika 140/90 au zaidi, muulize mtoa huduma hatua inayofuata kabla hujaondoka.