Maji Taka ya Nyumbani na Afya ya Wazee Litein

Maji taka ya nyumbani ni yale yanayotoka jikoni, bafuni, chooni na kwenye karai la kufulia, na katika nchi ya vilima vya chai kama Litein, Kaunti ya Kericho, hatari yake hufuata mteremko, kwa kuwa makazi na vyoo vya shimo hukaa juu ilhali chemchemi hububujika bondeni. Udongo mwekundu wenye kina huchuja vijidudu vingi maji yanapopenya polepole, lakini mvua kubwa inapoyasukuma juu ya ardhi, hubeba kinyesi na uchafu hadi chemchemini kabla udongo haujayachuja.

Anayeumia zaidi kwa uchafu huo mara nyingi ni mzee. Uzeeni kinga ya mwili hudhoofika, hisia ya kiu hufifia na figo hupungukiwa na uwezo wa kuhifadhi maji, hivyo kuhara ambako kijana hukustahimili kwaweza kummalizia mzee maji mwilini upesi, hasa ikiwa anatumia dawa za presha zinazoongeza mkojo. Dalili nazo hupotosha, kwani huenda asipate homa wala kulalamika kiu, bali akapata kizunguzungu anaposimama, akachanganyikiwa au akaanguka, na jamaa wakadhani ni uzee tu. Mzee wa namna hiyo aanze kupewa maji ya chumvi na sukari, yaani lita moja ya maji salama iliyochanganywa na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa bapa, huku akipelekwa hospitalini bila kukawia, ambako daktari ataamua kuhusu dawa zake, hasa akiwa na maradhi ya moyo au figo.

Kuchemsha maji huua vijidudu, ingawa katika miinuko inayokaribia mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi, na kwa hiyo hushauriwa yaachwe yatokote kwa dakika tatu. Hata hivyo, moto hauondoi nitrati, ambazo ni chumvi za naitrojeni zitokanazo na kinyesi na mkojo, na ambazo udongo hauzizuii kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani huweka kikomo chake kuwa miligramu 50 kwa lita.

Kwa sababu hiyo kinga huanzia juu ya mteremko: choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji na chini yake kimteremko, chemchemi ijengewe ukuta na mfereji wa kugeuza maji ya mvua, na maji ya jikoni yaelekezwe kwenye shimo la mawe na kokoto baada ya kunaswa mafuta yake. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2020 takriban asilimia 44 ya maji taka ya nyumbani duniani hayakusafishwa kwa usalama. Nchini Kenya, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na usafi wa mazingira, na huduma hizo ziko mikononi mwa serikali za kaunti, hivyo jukumu hili halimhusu mwenye choo peke yake.