Chungu Kimoja Muhuta

Mimi ni mama lumière wa Muhuta, kando ya Ziwa Tanganyika, mmoja wa wale wanawake wa kujitolea ambao kila mlima wa Burundi unawajua. Watoto waliodhoofu wakionekana, tunakusanyika uani kwa mmoja wetu: huyu kaja na unga, yule na lengalenga, mwingine na maharage. Tunapika pamoja siku 12, watoto wanakula, kisha tunawarudisha kwenye mizani. Mtoto akiongezeka gramu mia nne tunapiga vigelegele. Nami napiga, lakini kuna jambo linanikera. Uzito hurudi upesi. Ubongo si hivyo, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikwisha kufanyika kabla mtoto hajaletwa uani kwetu.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa Burundi walio chini ya miaka mitano, 56 ni wafupi kuliko umri wao. Ufupi peke yake haunisumbui. Nina shangazi mfupi mwenye mitumbwi miwili na maneno ya kuijaza yote. Tatizo ni kwamba lishe duni inayokwamisha mifupa haiuachi ubongo ukue kwa raha, na mara nyingi uhaba huo huanzia kwa mama.

Na huanza mapema kuliko tunavyodhani. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga kama siku 28 tangu mimba itunge, wakati wanawake wengi hapa bado wanasema labda mwezi umechelewa tu. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walithibitisha kwamba vidonge vya asidi foliki, vikianzwa kabla ya mimba, vinazuia karibu robo tatu ya kasoro za mfereji huo kwa akina mama waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo. Vidonge vyetu tunavipokea tukienda CPN, kliniki ya wajawazito, na wengi tunakwenda tumbo limekwisha kuonekana. Ndiyo maana mimi maharage na lengalenga, vyakula vyenye foleti, nawahimiza hata wasichana wasioolewa bado. Mama zao hunitazama vibaya.

Sasa muhogo. Bugali wa muhogo ndio chakula chetu, na sina ugomvi nao, ila uko mkasa wa jirani zetu ambao kila mjamzito wa ziwa letu anapaswa kuujua. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Ubelgiji, mmoja wao François Delange, walifanya utafiti Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu upande wa Kongo. Rovu lilikuwa limejaa kaskazini, na palikuwa na watoto waliozaliwa wamedumaa mwili na akili. Kusini-magharibi rovu lilikuwa dogo. Ajabu ni kwamba madini ya iodini yalikuwa haba pande zote mbili. Kilichotofautiana ni muhogo: watu wa kaskazini walikuwa wakiula zaidi. Muhogo una sumu ya sianidi. Mwili ukiipunguza makali, hubaki kitu kinachoizuia iodini isiingie kwenye tezi ya shingo. Tezi hiyo ndiyo inayotengeneza homoni za kuupanga ubongo wa mimba, na katika miezi ya mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi, anaishi kwa homoni za mama.

Kwa hiyo muhogo mchungu uloweshwe siku za kutosha, uanikwe ukauke vizuri, na sombe, yaani majani ya muhogo, itwangwe na kuchemshwa muda mrefu. Chumvi iwe ile yenye iodini, ihifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moshi na unyevu, na itiwe chungu kikikaribia kuepuliwa. Nimeingia jikoni kwa wengi nikakuta chumvi imelala wazi juu ya mafiga tangu itoke sokoni.

Halafu ndagala, dagaa wa ziwa letu, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Usiku wa giza taa za wavuvi zinawaka kuanzia ufukwe wa Gitaza mpaka upeo wa macho unapoishia. Asubuhi samaki wamekwisha kupakiwa, barabara inaelekea Bujumbura, na mjamzito aliyewaanika mchangani anarudi nyumbani na bugali na mawese. Ndagala huliwa mzima, na kichwa na mifupa, kwa hiyo anatoa chuma, zinki, chokaa na vitamini B12, pamoja na yale mafuta ya samaki ambayo ubongo hujikusanyia kwa wingi miezi mitatu ya mwisho. Bei inapanda, nakubali. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kwamba joto linaloongezeka limepunguza kuchanganyika kwa maji ya Tanganyika, chakula cha samaki kikapungua. Lakini hata samaki walipokuwa wengi, sahani ya mama ilikuwa ya mwisho.

Kuna wanaoogopa samaki kwa sababu ya zebaki. Shelisheli, ambako wajawazito walikuwa wakila samaki mara kama 12 kwa wiki, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 700 waliozaliwa 1989 na 1990, na hawakuona madhara ya wazi. Zebaki hujikusanya zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao. Ndagala yuko chini kwenye ngazi hiyo ya ulaji.

Kuhusu kunyonyesha, watu hudhani maziwa ni yale yale, mama ale asile. Si kweli, na si uongo wote. Iodini, vitamini A, B12 na mafuta ya samaki hupanda na kushuka kwenye maziwa kulingana na sahani ya mama. Chuma hakifuati sahani hiyo. Maziwa yana chuma kidogo hata mama akila ng'ombe mzima, kwa sababu mtoto anategemea akiba aliyotoka nayo tumboni, akiba ya miezi kama sita. Akizaliwa na akiba pungufu, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu ni miongoni mwa zinazoumia kwanza. Basi chuma ni deni la kulipwa kabla ya kujifungua: vidonge vimezwe, na chai isinywewe pamoja na maharage, kwani inakizuia chuma. Mawese mekundu yabaki mekundu. Yakikaangwa mpaka yakawa meupe, vitamini A imekwenda. Na urwarwa, pombe ya ndizi, unaoletwa kumpongeza mzazi wanywe walioleta. Aliye na mimba asionje kabisa.

Mbele ya baba wa nyumba sihubiri. Nimeona haifai: anaitikia kwa adabu, kisha samaki anaelekea sahani yake ile ile. Ninachofundisha ni kutwanga. Ndagala waliokauka vizuri, wametolewa mchanga, wanatwangwa wawe unga, nao unawekwa kwenye kopo kwa ajili ya zile siku za mbalamwezi ambapo wavuvi hawapati kitu. Vijiko viwili vya unga huo vinaingia kwenye chungu cha maharage kabla hakijapakuliwa. Hakuna wa kumchagulia mtu kipande. Mama mkwe mmoja alinilalamikia kwamba maharage ya mkwewe yananuka ufukwe, akaomba aongezewe.