Je, Wajua? Redio ya gari la Japani huenda isinase stesheni zako

Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam hutoka Japani, na redio zake zilitengenezwa kwa matumizi ya huko. Nchini Japani, FM huanzia megahezi 76. Kwa miaka mingi iliishia 90, na sasa hufika 95. Kenya na Tanzania hutumia 87.5 hadi 108. Ndiyo maana redio nzima kabisa yaweza kunasa stesheni chache tu.

Dawa yake ni kifaa kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio ili kuteremsha masafa. Kikiteremsha megahezi 15, stesheni ya 100 utaipata kwenye 85.

Kabla hujalipia gari:

• Tafuta stesheni iliyo juu ya 100.

• Peleka sauti kulia, kushoto, mbele na nyuma, usikilize kila spika peke yake. Mkwaruzo sauti ikipandishwa mara nyingi ni dalili ya spika iliyochanika.

• Muulize muuzaji kama redio hudai namba ya siri betri ikichomolewa. Ikidai, akupe namba hiyo papo hapo.